Niliukata Mwitikio wa Mzee, Lawama Nikamwachia Binti

Ni mimi niliyekata. Naanza na hilo kwa sababu nimelizunguka kwa miezi saba, na kila nilipolizunguka aliumia mtu mwingine. Si yule binti. Si kompyuta. Si ufupi wa muda. Ni mimi, kwa mkono wangu, saa tano asubuhi, akili zangu zote ninazo!

Jina langu naliacha, na majina ya wengine nimeyabadilisha. Lakini watu wa Igowole wakisoma watajua ni nani na nani. Ndivyo ninavyotaka. Wao ndio hasa ninaowaandikia.

Nina miaka hamsini na kidogo, naishi Mbeya. Kazi ya filamu sikuisomea chuoni. Nilianza kwa kupiga video za harusi na misiba, nikajifunza kwa vitabu vya mtumba na kwa kufungua vifaa vilivyokufa. Kila kosa nililofanya niliandika kwenye daftari: kosa gani, limesababishwa na nini, nifanye nini lisijirudie. Madaftari hayo yamejaa rafu nzima. Kosa hili sikuliandika humo. Nadhani hapo ndipo ningetakiwa kujishtukia.

Kuna mpango mmoja unaowakutanisha vijana walioshinda tuzo za filamu na watu waliokaa kwenye kazi hii muda mrefu. Kijana anapewa mlezi, wanatengeneza filamu moja ndefu kidogo pamoja. Waliponipigia simu kuniomba niwe mlezi nilikaa chini. Miaka yote hiyo nilikuwa "yule jamaa wa video". Sasa mtu ananiita mtaalamu! Niliwaambia nitafikiria, nikakata simu, nikalia kama mtoto.

Nilipewa binti nitakayemwita Upendo. Miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Igowole kule Mufindi. Filamu yake fupi kuhusu kitalu cha miche cha jirani yao ilikuwa imeshinda tuzo ya vijana. Niliiangalia mara nne. Mara ya kwanza nilitafuta makosa, nikayapata tisa. Mara ya nne niliona alichonacho ambacho mimi sina: watu walisahau kwamba kamera ipo.

Hilo sikumwambia. Nilimpa orodha ya makosa tisa.

"Asante, mwalimu," akasema. "La kumi je?"

"Hakuna la kumi."

"Basi nitalitafuta mwenyewe, nisije nikakuangusha."

Alikuwa na utani wa namna hiyo, wa heshima lakini umo. Nilimpenda kama mwanangu. Lakini mtu hamfanyii mwanawe nilichomfanyia.

Filamu aliyotaka kutengeneza ilikuwa ya nyumbani kwao. Babu yake, nimwite Mzee Mkubwa, alikuwa amekosana na mdogo wake wa tumbo moja, nimwite Mzee Mdogo, kwa ajili ya mpaka wa shamba la miti ya mbao. Tangu walipomzika baba yao hawakuwa wamesalimiana. Wanakaa ng'ambo na ng'ambo ya bonde moja, kila mmoja anaona moshi wa jiko la mwenzake, na salamu hakuna. Sasa wamezeeka, na Mzee Mdogo alikuwa ameanza kuumwa kifua. Akatuma ujumbe kwamba anakuja.

Hapa lazima nieleze jambo moja nililolielewa nikiwa nimechelewa sana. Kwao salamu ni "kamwene", na anayesalimiwa hujibu "kamwene". Mimi ni Mnyakyusa, Kihehe changu ni cha stendi tu. Nilidhani neno hilo ni kama "habari za asubuhi". Kumbe watu wawili waliokosana kama wale, mkosaji akija mpaka mlangoni na kusalimia, kesi yote iko kwenye jibu. Akiitikiwa, yamekwisha, mengine ni maongezi tu. Asipoitikiwa, anageuka na kurudi alikotoka, na aibu hiyo itawafuata watoto wake.

Ndiyo maana Mzee Mdogo alikataa kusindikizwa. Hakutaka mwanawe yeyote awepo, asije akamwona baba yake akinyimwa jibu. Mzee Mkubwa ni mjane, nyumbani alikuwa peke yake. Aliyeruhusiwa kuwepo ni Upendo tu, na kamera yake.

Mimi sikwenda, nilibaki Mbeya. Nilikuwa nimemfundisha kila kitu kwa utaratibu wangu: maikrofoni ndogo kwenye koti la anayeingia, na kinasa sauti cha pili, cha akiba, kifichwe karibu na anayekaa. Alifuata neno kwa neno. Akaweka cha pili chini ya kiti cha babu yake.

Wiki tatu baadaye Mzee Mdogo akafariki.

Nilimpa Upendo pole, nikamwambia amalize msiba kwanza. Alizika, Mzee Mkubwa akamwaga udongo kwenye kaburi la mdogo wake na hakuna aliyesema neno, maana marehemu alikuwa amewaambia watoto wake, "Tumemaliza." Upendo akaja Mbeya na diski yenye nakala pekee, akaniachia, tukakaa kuhariri.

Chumba changu cha kazi kiko Mwanjelwa, nyuma ya duka la vitambaa. Kipande chenyewe kiko hivi. Mzee Mdogo anasimama mlangoni, kofia mkononi. Anasema, "Kamwene." Kamera inamwangalia Mzee Mkubwa, amekaa. Mvua nyembamba kwenye bati, mbali kuna mashine ya kupasua mbao. Mzee Mkubwa kimya. Nilihesabu: sekunde kumi na tisa. Halafu midomo inacheza kidogo sana chini ya masharubu. Halafu Mzee Mdogo anaingia, wanakaa.

Nilisimamisha picha palepale kwenye kimya. "Hapa tunakata," nikasema. "Tunatoka kwenye uso huu, tunakwenda moja kwa moja Mzee Mdogo akiwa nje, baada ya kuagana, anajifuta machozi."

"Mwalimu, hapo katikati babu anaitikia."

"Wapi?"

"Hapo. Rudisha kidogo. Hapo!"

"Mimi nasikia bati na mashine ya mbao."

"Anaitikia kwa ndani. Babu ndivyo anavyoongea."

"Upendo, nilikufundisha nini siku ya kwanza?"

"Kisichosikika hakipo."

"Basi?"

Akacheka, cheko la adabu. "Basi kwenye filamu hakipo, mwalimu. Igowole kipo."

Jamani! Binti wa miaka ishirini na mitatu aliniambia kila kitu kwa sentensi moja, na mimi nikaona ni utani!

"Tusikilize basi ile sauti ya akiba," akasema.

"Ya akiba ni ya akiba. Ya kwanza ikiharibika ndipo tunafungua ya pili. Huo ndio utaratibu."

Sikuwa na haraka yoyote siku hiyo. Kuifungua kungechukua dakika tano. Lakini nilikuwa nimekipenda kile kimya. Nilikiona ni changu, kwamba mimi ndiye niliyekigundua. Nilitaka watazamaji wakutane na uso ule, wabane pumzi, kisha machozi. Niliamini kila mtu ataelewa kwamba wamepatana. Nikabonyeza, nikakata. Hata ule mchezo wa midomo nikauondoa, kwa sababu ulivuruga utulivu wa picha.

Filamu ilionyeshwa kwanza Iringa mjini, mbele ya watu wa kazi yetu. Ilipofika pale ukumbi wote ulinyamaza. Mwishoni walipiga makofi wakiwa wamesimama. Mama mmoja, mtengenezaji filamu mzoefu ambaye mimi nimekuwa nikisoma mahojiano yake miaka mingi, alikuja mpaka tulipokaa.

"Kile kimya!" akasema. "Mdogo mtu anasalimia, kaka anamtazama tu, haitikii, halafu yule maskini analia nje. Nani alihariri pale?"

"Mimi," nikasema. Haraka! Hata mate sikumeza.

Upendo akasema taratibu, "Lakini aliitikia, mama."

"Basi mmefanya la maana kutokutuonyesha, dada," yule mama akacheka, akanipa mkono.

Umesikia? Nilielezwa siku ile, kwa Kiswahili chepesi, kwamba mtu mwenye macho makali ameona mzee akikataa salamu. Nilijua. Mbele ya Mungu nilijua! Na nilichofanya ni kumpa mkono na kusema asante.

Tukiwa kituoni tunasubiri basi, Upendo alinigeukia. "Mwalimu, nakuomba. Kabla hatujaipeleka nyumbani, tuirudishe ile sehemu. Hata midomo tu."

"Filamu iliyopigiwa makofi haifunguliwi," nikamjibu.

Alifunga zipu ya koti lake mpaka kidevuni, akaangalia malori ya mbao yanayopita.

Igowole tulionyesha kwenye ukumbi wa kanisa, Jumamosi alasiri, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Walijaa mpaka madirishani. Mtu wa ofisi ya ule mpango alikuwepo, amekaa pembeni yangu, na mimi nilikuwa nimetambulishwa mbele ya watu: mwalimu wa binti yetu, mtaalamu kutoka Mbeya.

Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Watu walijiona, wakacheka.

"Hee, mwone Mzee na koti la mazishi!"

"Hilo koti limekuzidi umri, babu!"

Mzee Mkubwa alikuwa mstari wa mbele, anatabasamu. Mstari huohuo, upande wa pili, walikaa watoto wa marehemu. Mkubwa wao ni mwanamke, nimwite Mama Anna.

Kikafika kile kipande. Mzee Mdogo mlangoni, kofia mkononi. "Kamwene." Uso wa kaka yake. Kimya. Machozi nje.

Sikuona mtu akibana pumzi. Nilisikia kiti kikisukumwa.

"Zimeni," alisema Mama Anna.

Tukazima. Blanketi moja likashushwa, mwanga ukaingia.

"Baba alituambia wamemaliza," akasema. Hakupaza sauti. "Kumbe alisimama mlangoni kama mwombaji, hakuitikiwa. Akaja kutudanganya ili tusimchukie kaka yake. Amekufa na hilo."

Mzee Mkubwa akasimama. "Nilimwitikia."

"Baba mkubwa, tumeona wote."

"Nilimwitikia, mwanangu."

"Labda kwa simu, babu!" kijana mmoja akasema kutoka nyuma. Wachache wakacheka, halafu wakaona aibu, wakanyamaza.

Mama Anna akamgeukia Upendo, ambaye ni mtoto wa binamu yake. "Wewe ulikuwepo. Aliitikia?"

"Aliitikia, shangazi."

"Mbona haipo?"

"Ilikatwa."

"Nani alikata?"

Upendo akanitazama. Hakuninyooshea kidole. Alinitazama tu, kama mtu anayemsubiri mkubwa aseme.

Mama Anna akafuata macho yake. "Mwalimu, wewe ni mgeni wetu, tena mtu mzima. Ni wewe uliyekata?"

Mjini Iringa niliulizwa swali hilohilo, nikajibu kabla halijaisha. Sasa nilimwona yule mtu wa ofisi pembeni yangu, kalamu mkononi. Niliona miaka yangu yote ya video za harusi inarudi kunidai. Nikasema:

"Mama, filamu ni ya binti. Mimi nilishauri tu."

Maneno manane. Ukiyachukua moja moja hakuna la uongo hata moja! Kwenye karatasi, filamu ni yake. Kwenye mkataba, mimi ni mshauri. Nimeyapima mara nyingi, kama ninavyopima kila kitu, na kila mara jibu ni lilelile: ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema.

Upendo akainamisha kichwa. Kisha akasema, sauti yake ikasikika ukumbi mzima:

"Ni mimi niliyekata, shangazi. Nisameheni."

Alinikinga! Kwa heshima ya mwalimu wake, mbele ya ukoo wake, alinikinga. Na mimi nikamwacha!

"Umekata nini?" Mama Anna akamwuliza. "Kitu ambacho hakikuwepo? Unamkinga babu yako, mwanangu. Sikulaumu. Lakini usituone wajinga."

Wakatoka. Ukumbi ukabaki nusu. Hatukuwasha tena.

Sasa sikiliza gharama yake, wewe unayesoma, maana mimi gharama hii sikuilipa. Wamelipa wengine.

Siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi la Mzee Mdogo, watoto wa marehemu walimtumia Mzee Mkubwa ujumbe kwamba asifike. Alikwenda hata hivyo. Alisimama barabarani, nje ya ua, amevaa lile koti, ibada nzima. Watu walimpita wakiingia na wakitoka.

Upendo alikatazwa na baba yake kuingia na kamera nyumbani. Hakubishana. Alirudisha vifaa vyote vya mpango, vimefutwa vumbi, kila waya umekunjwa nilivyomfundisha. Sasa anatoa fotokopi kwenye duka moja Mafinga. Mtu aliyekuwa na macho yale!

Na Mzee Mkubwa... Hili nilisimuliwa kwanza, baadaye nikaliona mwenyewe. Yule mzee anayeongea kwa ndani alianza kuitikia kwa kelele. Mtu akipita barabarani akasalimia, hata hajamaliza, mzee anasimama na kupiga ukelele, "KAMWENE!" mpaka inasikika ng'ambo ya bonde. Anataka asikike. Anataka mtu yeyote asije akasema tena kwamba hakuitikia. Watoto wa shule wakagundua mchezo. Wanapita mmoja mmoja, wa kwanza anasalimia, anapigiwa ukelele, anafuata wa pili, wa tatu, wa nne, wanashikana mbavu kwa kicheko. Mzee anasimama kila mara. Kila mara! Siku nyingine anawaitikia hata mbuzi wakilia.

Wiki mbili baada ya siku ile ya ukumbi, Upendo alinitumia ujumbe: "Mwalimu shikamoo. Naomba ile sauti ya akiba."

Nilimjibu, "Marahaba. Ngoja niitafute."

Niitafute! Mimi, ambaye kila diski yangu ina namba na kila namba ina ukurasa! Wakati naandika jibu hilo, diski ilikuwa kwenye rafu mbele ya macho yangu. Sikuinyooshea mkono kwa sababu niliogopa vitu viwili. Niliogopa kwamba haina kitu. Na niliogopa zaidi kwamba inacho.

Nilikaa nayo miezi mitatu. Alinikumbusha mara mbili, kwa adabu ileile. Mara ya tatu hakuandika.

Siku niliyoifungua ilikuwa Jumanne, mchana, umeme ulikuwa umerudi. Nilivaa hedifoni. Mvua kwenye bati. Kofia ikigusa suruali. "Kamwene." Kisha kimya, lakini kwenye hiki kinasa sauti kimya hakikuwa kimya. Mtu alikuwa anapumua kwa shida, pua imejaa, kama anayejizuia kulia mbele ya mjukuu. Ndipo ikaja, karibu kabisa na sikio langu, wazi kama mtu anayeninong'oneza:

"Kamwene, mdogo wangu."

La kwanza kwa lugha yao, mengine kwa Kiswahili. Nadhani alitaka hata wageni watakaoitazama kamera ya mjukuu wake waelewe.

Nilivua hedifoni, nikairudisha diski kwenye rafu.

Ungedhani niliondoka siku hiyohiyo. Hapana. Nilipanga. Niliandika nitakachosema, nikakifuta. Nikajiambia mvua zipungue. Ikapita miezi miwili mingine kabla sijapanda basi kwenda Mafinga, na pale dukani nikamkuta Upendo nyuma ya mashine ya fotokopi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Sistahili, Upendo."

"Marahaba ni neno dogo tu, mwalimu. Pokea salamu yangu."

Nikaipokea. Nikamwambia nimeileta. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Alifunga duka, akaja nami Igowole.

Tulianzia kwa babu yake. Nilisalimia nikiwa bado kwenye uchochoro, na kabla sijafika mwisho wa neno aliruka kwenye kigoda: "KAMWENE!" Mishipa ya shingo ilimsimama. Sikujua kama amenikaribisha au ananijibu tu kama anavyowajibu mbuzi. Nilipiga magoti, nikamweleza kila kitu. Nikataka kumsikilizisha. Akasukuma hedifoni kwa kiganja.

"Mimi najua nilichosema," akasema. "Wapelekee wasiojua."

Tukavuka bonde kwa Mama Anna. Alituweka nje, kwenye benchi, hakutupa hata maji, na huko kwao kumnyima mgeni maji ni neno zito. Alivaa hedifoni. Alisikiliza mara moja, macho ameyafumba. Akasikiliza mara ya pili. Niliona kidevu kikimtetemeka, nikadhani ameamini!

Kisha akazivua, akaziweka magotini.

"Wewe kazi yako ni nini?" akaniuliza.

"Kuhariri filamu, mama."

"Yaani unaweza kukata neno likatoka."

"Ndiyo."

"Na kuweka neno likaingia?"

Nikasema, "Naweza. Lakini hili sikuweka."

"Ukumbini ulisema ulishauri tu. Leo unasema ulikata. Siku zote hizi sauti ulikuwa nayo, umetuachia mzee anapiga kelele kama kichaa. Halafu leo nikuamini wewe? Ungeniambia siku ile, hata bila kunisikilizisha chochote, ningekuamini. Ulikuwa mtu mzima mwenye heshima. Sasa ni fundi tu umekuja na kitu chako."

Upendo akasema, "Shangazi, hata mimi?"

"Wewe ulisema ni wewe uliyekata. Na wewe ulidanganya."

Hapo ndipo nilipouona mwisho wa kazi yangu. Ushahidi nilikuwa nao, mzima, mzuri, haujaguswa. Nilikuwa nimeuharibu bila kuugusa!

Mama Anna hakutufukuza. Alinirudishia hedifoni, akasema: "Nenda kasimame palepale ulipokaa, mbele ya walewale, useme ulichofanya. Wakikusikia wao, na mimi nitasikiliza tena. Nikiridhika, nitakwenda mwenyewe kwa baba mkubwa, nitamsalimia na kumpeleka kaburini kwa mkono wangu. Kabla ya hapo sivuki bonde."

Nilikwenda kwa mchungaji. Alikubali, akanipa Jumapili ijayo baada ya ibada. Nikarudi Mbeya kujiandaa, nikajiona nimepata njia.

Jana mchana Upendo alinipigia.

"Babu amepata kiharusi, mwalimu. Tuko hospitali hapa Mafinga."

"Anaendeleaje?"

"Anatuona. Anatujua. Haongei. Manesi wakimsalimia anajitahidi, anajitahidi, mate yanamtoka. Hakuna kinachotoka."

"Mama Anna amefika?"

"Nimempigia. Amesema anasubiri Jumapili, kama mlivyokubaliana."

Ndiyo sababu naandika hapa. Siwezi kusubiri Jumapili. Leo ni Jumatano, na sijui mzee ana siku ngapi. Nitakuwepo ukumbini, nimeapa, nitasimama na nitasema haya yote kwa mdomo wangu. Lakini yeye anaweza asinisubiri.

Mama Anna, kama unasoma au kuna mtu anakusomea, nakusihi. Nichukie mimi. Nastahili kuchukiwa nawe hadi naingia kaburini. Lakini usinisubiri mimi ndipo uende kwa baba yako mkubwa. Nenda leo. Msalimie. Midomo yake ikicheza, itazame, usingoje sauti. Mimi niliitazama, nikaona inaharibu picha.

Na nyie wenzangu mnaopewa vijana muwalee, vijana wenye tuzo zao na macho yao, wanaotuita mwalimu na kututazama kabla ya kujibu. Yule binti hakuhitaji makosa yake tisa yaorodheshwe. Alihitaji mtu mzima aulize, "Hapa watu wa kwenu wanasikia nini?" kisha anyamaze asikilize jibu. Msikate mahali msipoielewa lugha, hata kama ukumbi mzima utapiga makofi. Na siku mtakayosimamishwa mkaulizwa nani alikata, simameni saa ileile, wakati neno lenu bado lina uzito. Mimi nimesimama leo, na mtu niliyepaswa kumtetea amelazwa Mafinga, anasalimiwa na hawezi kuitikia.